Mimi muundi, mume wangu malaria: wanandoa wafanye mazoezi ya marathon pamoja kweli?

#1 MwalimuWaKiamunyi

Hamjambo wadau. Nina swali, lakini acha niseme msimamo wangu kwanza ili mnipinge vizuri: naanza kuamini kwamba mke na mume hawafai kufuata ratiba moja ya mazoezi ya marathon.

Sisi ni watu wa Kisumu. Tulihamia Nakuru mwaka huu baada ya mimi kupewa uhamisho. Tulipokuwa Kisumu tulikimbia Jumamosi tu, kutoka Milimani hadi Dunga, tunanunua samaki, tunarudi nyumbani. Tulipofika huku tukaamua kujiandikisha mbio za Nairobi za Oktoba, kilomita 42, sote wawili. Mzee wangu akachapisha ratiba kutoka kwenye intaneti, akaibandika kwenye mlango wa friji. Mwanzo ulikuwa mtamu. Tunatoka saa 11 alfajiri, tunafuata barabara ya Ravine kuelekea Kabarak, na Jumamosi tunapanda Menengai.

Sasa mguu wangu wa kulia unauma mbele, kwenye muundi. Ulianza kama uchovu. Ikawa maumivu ya kilomita ya kwanza ambayo yanapoa mwili ukishapata joto. Siku hizi hayapoi. Jana nikiandika ubaoni nilikuwa nimeegemea mguu mmoja kipindi kizima.

Mume wangu naye alienda matanga Nyakach, akarudi mzima. Baadaye akaanza kutetemeka usiku. Zahanati moja ya hapa ikampa dawa za mafua, kumbe ni malaria. Ametibiwa na amemaliza dozi, lakini akikimbia kilomita 2 anasimama, anashika kiuno. Yeye ananiambia nipumzike, mimi namwambia yeye apumzike, na hakuna anayepumzika kwa sababu hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema basi.

Kuna wanandoa humu walioanza vibaya namna hii na wakafika? Mmoja aendelee na mwingine asubiri, au tusimame wote? Na huu mguu ni viatu, ni lami, au ni nini?

#2 KijanaWaPipeline

Pole mwalimu. Nimevuta kiti, nasubiri wenye ujuzi.

#3 MzeeWaLanet

Pole sana binti yangu. Jibu ni moja: mwinuko. Mmetoka ziwani mkaja huku juu, Nakuru iko karibu sawa na Iten, na mkaanza mbio siku hiyo hiyo. Mwili haujazoea hewa. Kaeni miezi mitatu mkitembea tu, ndipo mkimbie.

#4 Mkimbizi_Kaptagat

Shikamoo mzee. Hapo kwa Iten naomba nirekebishe. Iten iko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, Eldoret kama 2,100, Nakuru mjini ni kama 1,850. Kisumu ni kama 1,130. Kwa hiyo wamepanda mita 700 hivi, na hizo si kidogo, moyo utadunda zaidi kwa mwendo ule ule. Lakini mwinuko unakata pumzi. Haupasui mguu.

#5 MzeeWaLanet

Marahaba kijana. Mita 700 bado ni mita 700.

#6 FizioKondele

Mwalimu, mimi ni fizio, miguu ya namna hii naiona kila wiki. Siwezi kukupima kupitia simu, lakini jipime hivi. Kaa chini, chukua kidole kimoja, kipitishe kwenye ukingo wa ndani wa muundi kutoka chini ya goti hadi kifundo. Uchungu ukiwa umetandaa, tuseme urefu wa kiganja au zaidi, mara nyingi ni ile nyama na ngozi ya mfupa iliyochoshwa. Inapona ukipunguza mzigo. Ukikuta mahali pamoja tu, padogo, ukipabonyeza unaruka, hapo nina wasiwasi na ufa mdogo kwenye mfupa. Ishara nyingine za ufa: unauma usiku ukiwa umelala, na ukiruka kwa mguu huo mmoja unashindwa.

Ukiwa ni ufa hakuna mjadala wa kuendelea. Unasimama, unaonana na daktari, unapigwa picha. Wanaokimbia juu ya ufa wanaweza kuishia kuuvunja mfupa kabisa.

Jambo jingine ambalo watu wengi hawaambiwi: mapafu na moyo huzoea mazoezi mapema kuliko mifupa. Ndiyo maana mtu anajisikia ana nguvu, anaongeza kilomita, na mfupa bado uko nyuma unajijenga. Kutoka Jumamosi moja kwa wiki hadi kila siku ni kuruka ngazi nyingi. Nieleze: uchungu wako umetandaa au uko mahali pamoja?

#7 MamaWawili_Njoro

Kabla ya mambo ya mfupa, mimi nina swali ambalo hakuna mwanaume hapo juu ameuliza. Mwalimu, mnatoka saa 11 alfajiri. Wewe unaamka saa ngapi? Nani anawasha jiko? Nani anaandaa watoto? Mkirudi nani anaingia kuoga kwanza?

#8 MwalimuWaKiamunyi

Asanteni. @FizioKondele, umetandaa zaidi, lakini kuna mahali pamoja katikati panapouma kuliko kwingine. Usiku unauma kidogo, si kila siku. Kuruka sijajaribu, naogopa.

@MamaWawili_Njoro, naamka saa 10. Nachemsha chai, naweka uji wa watoto kwenye chupa, napiga pasi sare. Yeye anaamka saa 11 kasorobo. Akirudi anaoga kwanza kwa sababu matatu yake ya kazini inaondoka mapema. Halafu mimi niko darasani, nimesimama hadi mchana.

#9 MamaWawili_Njoro

Basi jibu nimelipata, na haliko kwenye mwinuko wala kwenye kiatu. Ninyi hamfuati ratiba moja. Yeye anafuata ile ya kwenye friji. Wewe unafuata ile ya kwenye friji pamoja na ya jikoni, na ya darasani iko juu yake. Mwili unajijenga mtu akilala, na wewe unalala lini? Mume wako anaweza kuwa mtu mwema kabisa, simsemi vibaya. Lakini hizo dakika 45 za alfajiri ambazo yeye bado amelala ndizo mfupa wako unazidai.

Mimi na baba watoto tulikimbia kilomita 21 za Eldoret. Kabla ya kuanza mazoezi niliweka masharti: siku ya mbio ndefu, jiko ni lake. Alilalamika mwanzoni, akazoea. Sasa chapati zake ni nzuri kuliko zangu.

#10 Jogoo_wa_Shabab

Mwalimu, baba watoto wako asisome huu uzi, atapoteza usingizi wake wa saa 11 kasorobo.

#11 KijanaWaPipeline

@Jogoo_wa_Shabab wewe mwenyewe chai unachemshiwa na mama yako, tulia.

#12 Mwendo_Pole

Nakubaliana na mama wa Njoro kwa sehemu, ila naona mmeruka jambo kubwa zaidi: mwendo. Mwalimu, mkikimbia pamoja nani anaongoza? Wewe ukiwa peke yako unakwenda dakika ngapi kwa kilomita, na yeye?

#13 MwalimuWaKiamunyi

Peke yangu, nikijisikia vizuri, dakika 6 na sekunde 40 hivi. Yeye anaweza 5 na sekunde 45 bila shida, kabla ya malaria. Pamoja tunakwenda kama 6, anasema anajizuia kwa ajili yangu. Anakuwa mbele kidogo kila mara, si mbali, kama hatua moja. Nikiongeza ili tulingane, anaongeza. Sidhani anajua anafanya hivyo.

#14 Mwendo_Pole

Hapo ndipo penyewe. Mbio zake za kupumzikia ndizo mbio zako za kasi. Anarudi nyumbani amejinyoosha viungo, wewe unarudi umeshindana. Ukifanya hivyo kila alfajiri, ratiba haina siku rahisi hata moja, na mazoezi ya marathon karibu yote yanatakiwa kuwa siku rahisi.

Kipimo hakihitaji saa ya bei: kama huwezi kuongea sentensi nzima bila kukata, umekwenda kasi. Muulize @Mkimbizi_Kaptagat jinsi wale wakubwa wanavyoanza mbio za kupumzika asubuhi. Wanaburuta miguu, unaweza kudhani wametoka tu kununua maziwa. Watu wanaoweza kukimbia kilomita moja chini ya dakika 3, kilomita baada ya kilomita, hawaoni aibu kwenda polepole.

#15 Mkimbizi_Kaptagat

Ni kweli kabisa. Wageni wakija huku wanashangaa wanaweza kufuata kundi kilomita za mwanzo. Siku ya kasi ndiyo wanaachwa wasione hata vumbi.

#16 Sotik_Express

Mbona mnamtisha mwalimu? Uvumilivu ndio dawa. Kipchoge hajawahi kushindwa kwa sababu hasikilizi maumivu. Funga kamba, endelea.

#17 Mkimbizi_Kaptagat

@Sotik_Express ndugu yangu, hapana, na hii ni hatari kumwambia mtu mwenye muundi unaouma usiku. Kipchoge ameshindwa, tena hadharani. Mwaka 2012 alikosa nafasi kwenye timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Ndipo akahamia mbio za barabarani, akashinda marathon ya Hamburg Aprili 2013. Mwaka huo huo Berlin alikuwa wa pili, Wilson Kipsang akaweka rekodi ya dunia ya 2:03:23. London 2020 akamaliza wa 8. Boston 2023 akawa wa 6. Olimpiki ya Paris 2024 alisimama njiani, hakumaliza. Hiyo saa 1:59:40 ya Vienna mwaka 2019 iko katikati ya hayo yote.

Kwa hiyo mwalimu akisimama sasa atakuwa amefanya kitu ambacho hata bingwa mara mbili wa Olimpiki amefanya.

#18 Sotik_Express

Sawa, hapo umenibana. Lakini uvumilivu bado unahitajika.

#19 Muuguzi_Ahero

Mnajadili mguu, mume amesahaulika. Mimi nafanya kazi huku Nyando, malaria ni mkate wetu wa kila siku.

Mwalimu, mtu akitoka ukanda wa ziwa kwenda Nakuru, na homa ikaanza wiki moja au mbili baadaye, lazima amwambie mhudumu: nilikuwa Nyakach. Nakuru mjini si watu wengi wanaoambukizwa malaria hapo hapo, kwa hiyo asiposema anaweza kupewa dawa za mafua, kama ilivyotokea. Kulala bila neti usiku wa matanga kunatosha.

Pili, vidudu huvunja chembe nyekundu za damu. Dozi ikiisha vidudu vimekufa, lakini damu haijarudi. Ndiyo sababu anashika kiuno kilomita ya 2. Hajazembea, ana damu kidogo ya kubeba hewa. Arudi apimwe kiwango cha damu. Tena achunguzwe kama wengu umevimba, maana baada ya malaria unaweza kuwa mkubwa, na mtu akianguka au akagongwa tumboni ni hatari. Kutembea kwa miguu sawa. Mbio asubiri hadi apimwe.

Na kama hajui hali yake ya selimundu (sickle cell, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu), apime pia. Ukanda wetu una watu wengi wanaobeba jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu bila kuugua. Wengi wanakimbia bila tatizo, lakini mbio kali kwenye joto zimewahi kuwaletea shida baadhi yao, kwa hiyo ni vizuri kujua.

#20 MwalimuWaKiamunyi

@Muuguzi_Ahero asante sana. Nimemsomea post yako yote, amenyamaza. Kwake hiyo ni kukubali.

#21 Bonde_la_Ufa

Mimi naishi Milimani ya Nakuru, na njia ya Menengai naijua. Mnapanda vizuri, sawa. Mnashukaje? Maana kule kushuka ndiko kunakoua miguu. Kupanda unachoka mapafu, kushuka kila hatua unajifunga breki, na breki ni paja na muundi. Watu wa Jumamosi wengi wanapanda wakitembea na kushuka wakikimbia, wakati ingefaa kinyume chake. Ningekuwa ninyi ningeiacha Menengai hadi mwezi wa mwisho, au nipande nikikimbia na kushuka nikitembea.

#22 FizioKondele

@Bonde_la_Ufa umenena. Mteremko unaongeza mzigo sana kuliko watu wanavyodhani. Nyongeza: mwalimu afupishe hatua. Hatua ndefu kisigino kikitangulia mbele ni kugonga breki hata kwenye tambarare.

#23 Dada_wa_Kakamega

Na viatu? Hakuna aliyeuliza viatu.

#24 MwalimuWaKiamunyi

Raba za mitumba, za sokoni hapa mjini. Soli ya kulia imeisha upande wa nje. Zake ni mpya, nilimnunulia siku ya kuzaliwa.

#25 MamaWawili_Njoro

Mnaona sasa?

#26 Dada_wa_Kakamega

Mitumba si tatizo yenyewe, wengi tumeanzia hapo. Tatizo ni kwamba hujui imekimbia kilomita ngapi kabla haijavuka bahari. Ikunje katikati: ikikunjika tumboni badala ya pale vidole vinapoanzia, imekufa. Bonyeza soli kwa kidole gumba kikiwa ndani ya kisigino. Ikiwa ngumu, iachie kazi ya shamba.

Na mimi nilete kisa. Mimi na mume wangu tulianza mazoezi Kakamega, kwenye barabara za vumbi pembeni ya msitu. Yeye mrefu, mimi mfupi. Goti langu likagoma mapema sana. Tukagombana hasa, kwa sababu alidhani natafuta sababu, na mimi nilidhani haniamini. Kilichotusaidia ni kuacha kwenda kwa kilomita na kuanza kwenda kwa dakika. Tunatoka pamoja mlangoni, kila mtu na mwendo wake, saa ikigonga dakika 20 kila mtu anageuka pale alipo. Mwenye kasi yuko mbele, anarudi akinikuta njiani, tunafika nyumbani karibu pamoja. Hakuna wa kumsubiri mwenzake, hakuna hatua moja mbele. Alfajiri hiyo ya kwanza nilikimbia nikisikia ndege. Kabla ya hapo nilikuwa nasikia pumzi zangu tu.

#27 Mwendo_Pole

Hii ya kugeuka kwa dakika ni dhahabu. Mwalimu, iandike.

#28 Nyako_Dunga

Kuna jambo ambalo wanaume wa mwendo hawaligusi: giza. Dada wa Kakamega, wewe ukigeuka peke yako saa 11 alfajiri kwenye barabara ya Ravine, nani yuko nyuma yako? Mimi nakimbia Kisumu, na pikipiki bila taa, mbwa na vijana wa kupiga mbinja navijua. Wanawake wengi tunakimbia na waume zetu kwa sababu tunaogopa, mwendo tutajua baadaye. Mkitenganisha wanandoa kwa ajili ya mfupa, fikirieni na hilo.

#29 Dada_wa_Kakamega

Ni kweli kabisa dada, na sikulipuuza. Sisi tulikuwa tunatoka kukishapambazuka. Kama ni gizani ningetafuta uwanja wa shule nizunguke, yeye azunguke na kasi yake, tunaonana kila raundi. Mwalimu, uwanja wa shule yako unafunguliwa saa ngapi?

#30 MwalimuWaKiamunyi

Mlinzi anafungua saa 12. Naweza kumwomba. Hili sikulifikiria.

#31 Mdau_Bukhungu

Naona hakuna aliyetaja damu ya mwalimu mwenyewe. Mwanamke anapoteza damu kila mwezi, ameongeza mbio, amepanda mwinuko ambako mwili unataka kutengeneza chembe nyekundu zaidi, halafu anakunywa chai na kila mlo. Chai inazuia mwili kufyonza madini ya chuma kutoka kwenye mboga. Unakula managu na terere sahani nzima, unamwagia chai juu, kazi bure. Mtu aliyepungukiwa chuma anachoka, anapumua kwa shida, na mazoezi hayamjengi.

#32 Jogoo_wa_Shabab

Chai imeingiaje hapa? Nchi nzima inakunywa chai na inashinda medali.

#33 Mdau_Bukhungu

Sijasema aache. Nimesema asinywe pamoja na chakula, angoje kama saa moja au zaidi. Na kwenye mboga akamulie limau, au ale chungwa, vitamini C inasaidia chuma kuingia. Omena na maini ni bora zaidi. Vidonge vya chuma asinunue bila kupimwa, kuzidisha chuma pia ni ugonjwa.

#34 Nyako_Dunga

Kwa omena tumekubaliana.

#35 MamaWawili_Njoro

Na tusiogope kusema: dada, hedhi yako iko sawa? Ikikatika wakati wa mazoezi, na huna mimba, usifurahi. Ni mwili unasema chakula hakitoshi kazi unayoupa, na mifupa ndiyo inayolipa. Wanawake wengi wanaanza mbio ili wapungue, wanakula nusu na kukimbia mara mbili.

#36 MwalimuWaKiamunyi

Iko, ila ilichelewa mara ya mwisho. Sikuunganisha hayo mawili. Na ni kweli nimepunguza ugali wa jioni.

#37 Mbio_za_Mapenzi

Watu mmekuwa madaktari wote! Mimi nasema wanandoa wanaweza. Faith Kipyegon na mume wake Timothy Kitum, wote wanariadha wa marathon, na mambo yao safi.

#38 Mkimbizi_Kaptagat

Wanariadha ndiyo, marathon hapana. Kitum ni mita 800, shaba Olimpiki ya London 2012. Faith ni 1500. Ukitaka mfano wa marathon chukua Edna Kiplagat, bingwa wa dunia 2011 na 2013, na mshindi wa Boston 2017. Kocha wake ni mumewe Gilbert Koech, ambaye naye alikuwa mkimbiaji.

#39 MamaWawili_Njoro

Mfano mzuri, lakini mtu ambaye kazi yake ni kukimbia anakimbia, anakula, analala mchana, anakimbia tena. Mwalimu wetu anakimbia, anapiga pasi, anafundisha, anasahihisha madaftari. Tusimpimie kwa mizani ya Edna.

#40 Baba_Zuri_Eldoret

Nami nitoe upande mwingine, maana uzi huu umeelekea kwa kutengana. Mke wangu aliumia kisigino mwanzoni mwa mazoezi yetu, na tukaamua niendelee peke yangu. Kila mtu alisema ni busara. Miguu yangu ikaenda vizuri, nyumba ikapoa. Nikirudi na jasho yeye anaangalia pembeni. Simu nikionyesha kilomita, kimya. Siku ya mbio alikuja kunishangilia, na niliona usoni kwamba alikuwa analia kwa mambo mawili. Mwaka uliofuata tulikubaliana kwamba mmoja akiumia, mwingine anashuka hadi kutembea naye, ila siku ya mbio ndefu tu ndiyo anaenda peke yake. Tulichelewa, lakini tulikimbia pamoja.

Kwa hiyo mwalimu, kwa mfupa sikiliza fizio. Lakini msikubali mmoja apotee barabarani na mwingine abaki kwenye kochi.

#41 Mwendo_Pole

@Baba_Zuri_Eldoret nimekusikia. Ila usimfanye aliye mzima ashindwe kufanya mazoezi kwa huruma, nayo inaleta kinyongo chake.

#42 Baba_Zuri_Eldoret

Inaleta. Tuliona kinyongo cha aina hiyo ni chepesi.

#43 MwalimuWaKiamunyi

Narudi na habari. Nimepigwa picha ya eksirei. Daktari anasema haoni ufa. Damu yangu imeonekana iko chini kidogo ya kawaida, nimepewa vidonge. Kuruka nilijaribu mbele yake, niliweza mara mbili, ya tatu nikashika meza. Kwa hiyo ni nyama tu, naweza kurudi?

#44 FizioKondele

Taratibu dada. Ufa mdogo mara nyingi hauonekani kwenye eksirei wiki za mwanzo. Unaweza kuonekana baadaye mfupa ukianza kujiunga, au kwenye picha ya MRI ambayo ni ghali. Mtu akishindwa kuruka mara tatu, mimi namchukulia ana ufa hadi mguu uthibitishe vinginevyo. Usikimbie. Baiskeli au kuogelea vinaruhusiwa kama haviumi. Uweze kwanza kutembea kwa kasi siku kadhaa mfululizo bila uchungu, ndipo tuongee kukimbia dakika moja, kutembea dakika moja.

#45 Mdau_Bukhungu

Na damu imethibitika iko chini. Nilisema.

#46 Mwendo_Pole

Damu kuwa chini kidogo hakuelezi uchungu wa mahali pamoja kwenye mguu mmoja. Mwendo umo.

#47 MamaWawili_Njoro

Na saa 10 alfajiri imo.

#48 Bonde_la_Ufa

Na mteremko.

#49 KijanaWaPipeline

Oktoba je? Ahamie 21?

#50 Mkimbizi_Kaptagat

Ningehamia 21 kama waandaaji wanaruhusu kubadilisha. Mtu mgeni anataka wiki 16 hadi 20 za mazoezi yasiyokatika kwa kilomita 42.195, na hizo hawana tena. Zile mita 195 za mwisho msizidharau pia.

#51 Sotik_Express

Mimi ningebaki na 42 na kutembea nusu. Muda wa kufunga barabara ni mrefu.

#52 FizioKondele

@Sotik_Express kwa mguu huu, hapana.

#53 Nyako_Dunga

Nitoke kidogo nje ya mada: walio Kisumu, mbio ndefu mnaanza saa ngapi? Saa 3 jua linanipikia kichwa.

#54 Muuguzi_Ahero

Uwe umemaliza kabla ya saa 2. Beba maji na chumvi kidogo. Ukihisi baridi huku jua linawaka, simama, kaa kivulini.

#55 MzeeWaLanet

Nimesoma yote. Bado nasema mwinuko. Mnanibishia kwa muundi, lakini yule bwana anayeshika kiuno kilomita ya 2 je? Muuguzi, unajuaje ni malaria na si hewa ya Nakuru?

#56 Muuguzi_Ahero

Mzee, alikuwa anakimbia hapo hapo Nakuru kabla ya homa na hakushika kiuno. Lakini vyote viwili vinaweza kujumlishana, hilo sikatai. Kipimo cha damu kitasema zaidi. Mwalimu, ameenda?

#57 MwalimuWaKiamunyi

Ameenda leo asubuhi, majibu ni kesho. Na leo chai amechemsha yeye.